Badiliko lisilogusa protini, lakini dawa haishiki: je, operoni ni kitu kimoja kweli?

#1 Nakala_Safi
Wadau, habari za jioni. Kuna jambo hapa naomba wenye mkono maabarani walitazame.

Bakteria wa kifua kikuu wako kwenye mrija wa MGIT, wa kuotesha na kupima dawa. Ukitia isoniazidi, dawa ya ugonjwa huo, mikrogramu 0.1 kwa mililita, wanaota kana kwamba hujatia kitu. Ukipandisha hadi 0.4, hawaoti. Kipimo cha utepe, kinachotafuta mabadiliko machache ya DNA yanayojulikana, kinasema hakuna usugu: kodoni (herufi tatu zinazotaja kipande kimoja cha protini) ya 315 ya katG, jeni ya kimeng'enya kinachoamsha dawa, ni salama, na kipande kilicho mbele ya fabG1 ni salama. Ukisoma DNA nzima, inhA yenyewe, jeni ya protini inayolengwa na dawa, haina doa. Kinachobaki ni kodoni ya 203 ya fabG1, imetoka CTG ikawa CTA. Zote mbili ni lusini, kwa hiyo protini ni ile ile.

Vitabuni fabG1 na inhA ni operoni moja: promota (mahali pa kuanzia kunukuu) moja mbele, RNA mjumbe moja, jeni zinafuatana kama shanga kwenye uzi. Sasa badiliko lililo ndani ya jeni ya kwanza, tena lisilobadili protini yake, linaletaje usugu kupitia jeni ya pili? Au tunamlaumu asiyehusika?

#2 Pipeti_Ngara
Anahusika sana. Badiliko hilo linajulikana kwa jina la L203L, yaani lusini ya 203 imebaki lusini.

Herufi A iliyoingia mahali pa G imezaa promota mpya ndani ya fabG1. DNA ya bakteria huyu imejaa G na C, zaidi ya asilimia 65, wakati sehemu ya -10 ya promota, besi kama kumi kabla ya mahali RNA inapoanzia, hupenda T na A. Mahali palipokaribia kufanana na promota pakipata A moja ya ziada, polimerasi, kimeng'enya kinachonukuu DNA kuwa RNA, inapata pa kushika. Inaanza kunukuu kutoka hapo, na RNA inayotoka ni fupi: ina mkia tu wa fabG1, lakini ina inhA nzima.

Matokeo yake InhA inazidi. Isoniazidi ikishaamshwa na KatG huungana na NAD, na muungano huo ndio unaoziba InhA. Vimeng'enya vikiwa vingi, dawa kidogo haitoshi kuviziba vyote. Ndiyo maana 0.1 inashindwa na 0.4 inaweza.

#3 Kimengenya_254
Asante Pipeti, ila mimi siridhiki haraka hivyo. CTA ni kodoni adimu mno kwa bakteria huyu. Lusini nyingi anaziandika CTG au CTC. Kodoni adimu humchelewesha ribosomu. Ribosomu ikisita hapo inaweza kuikinga RNA isikatwe, au kubadili jinsi inavyojikunja karibu na mwanzo wa inhA. Kwa nini tukimbilie promota mpya wakati kuna maelezo yasiyohitaji kuzaa kitu?

#4 Mtaalamu_Kikuyu_Rd
Na kuna la tatu. Promota inayojulikana ina badiliko maarufu la -15, C kuwa T. Hiyo -15 inahesabiwa kutoka mahali RNA inapoanzia. Huenda L203L inasafiri pamoja na badiliko lingine huko mbele ambalo usomaji haukulinasa.

#5 Hesabu_Kwanza
Mtaalamu, hapo tusahihishe kabla halijaenea. -15 haihesabiwi kutoka mwanzo wa RNA. Inahesabiwa kutoka kodoni ya kuanzia ya fabG1. Kinachowachanganya watu ni lile jina la mazoea, "promota ya inhA", ambalo huwafanya watafute mbele ya inhA wakati promota iko mbele ya fabG1.

Piga hesabu. fabG1 ina besi 744. Baada yake kuna pengo la besi 18, halafu inhA inaanza. 744 na 18 ni 762. Ongeza 15 upate 777. Kwa hiyo ukikuta orodha moja imeandika fabG1 c.-15C>T na nyingine inhA c.-777C>T, ni badiliko lile lile. Kodoni ya 203 inaishia besi ya 609. Ukihesabu kutoka inhA unapata -154. Orodha ikisema inhA c.-154G>A, ndiyo hiyo L203L yetu. Programu ya kompyuta inayoangalia besi 100 tu mbele ya kila jeni itazikosa zote mbili.

#6 Mtaalamu_Kikuyu_Rd
Nimekubali, Hesabu. Asante.

#7 Nakala_Safi
Hesabu, hilo la -154 limenifungua macho. Lakini hoja ya Kimengenya bado imesimama. Promota mpya, au RNA inayodumu zaidi? Tutazitenganishaje bila mashine za gharama?

#8 Pipeti_Ngara
Jozi tatu za praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) na mashine ya kawaida ya PCR inayosoma mwanga. Jozi ya A iwe mwanzoni mwa fabG1, tuseme besi 100 hadi 220. Jozi ya B ianzie besi ya 640 ya fabG1, ivuke pengo, iingie inhA kidogo. Jozi ya C iwe katikati ya inhA. Linganisha na sigA, jeni isiyobadilika sana.

Bakteria wa kawaida na wa -15 uwaendeshe pamoja na wako. Kwa aliye na -15, A, B na C zote zitapanda, kwa sababu mlango wa mbele ndio umefunguliwa zaidi. Kwa aliye na L203L, kama promota ni mpya, A itabaki palepale na B na C zitapanda. Ct ni idadi ya mizunguko hadi mwanga uonekane: mzunguko mmoja ni mara mbili, miwili ni mara nne, mradi ufanisi wa jozi zote uwe kati ya asilimia 90 na 110. Jozi ya A ikiwa na asilimia 80 na ya C 100, utaona "promota mpya" hata kwa bakteria asiye nayo.

#9 Kimengenya_254
Kipimo ni kizuri lakini hakinifungi mdomo. Hata RNA ikikatwa katikati, nusu ya mbele ikaliwa haraka na nusu ya nyuma ikadumu, utaona vile vile: A chini, C juu. Tena hilo si jambo la kubuni. E. coli wa maambukizi ya njia ya mkojo wana operoni ya pap. RNA inatoka ikiwa na papB na papA, RNase E, kimeng'enya cha kukata RNA, inaikata katikati, kipande cha papB kinaoza haraka, cha papA kinabaki. Ndivyo wanavyopata papA kwa wingi, ambayo ndiyo mwili wa nywele za kujishikiza, huku papB, ambayo ni mdhibiti tu, ikibaki kidogo. Promota ni moja, RNA ni moja, na viwango ni viwili tofauti kabisa.

#10 Mama_Jeli
Mfano mzuri huo, Kimengenya. Ongeza na wa kipindupindu, maana Nairobi tunaujua ugonjwa huu. Sumu yake ina A moja na B tano. ctxA na ctxB ziko kwenye RNA moja, zimepandiana, moja inaanza kabla nyingine haijaisha. Anayedhani RNA moja maana yake ni protini sawa kwa sawa atakwama hapo. Tofauti inaletwa na mahali pa kushikia ribosomu: pa ctxB pana nguvu zaidi kuliko pa ctxA. RNA haijakatwa na wala hakuna promota ya ziada. Ni ribosomu nyingi zaidi tu zinazopanda kwenye kituo cha pili.

Na jeni hizo mbili zilikuja na virusi vya bakteria, CTXφ, jambo lililoonyeshwa mwaka 1996. Operoni nzima ilisafirishwa kama mzigo mmoja.

#11 Stendi_ya_Odeon
Wakubwa, naomba kueleweshwa. Nilivyokuwa nikiielewa operoni ni kama matatu ya Thika Road: inaondoka mjini imejaa, wengine wanashuka Allsops, wengine Roysambu, na wanaofika Githurai ni wachache. Kwa hiyo jeni ya mwisho hupata kidogo daima. Sasa ctxB ni ya pili na inazidi ya kwanza?

#12 Hesabu_Kwanza
Matatu yako iko sawa kwa jambo moja: polimerasi zenyewe. Kila hatua kuna polimerasi inayoteleza na kuachia, hivyo RNA ya mwisho wa operoni ndefu mara nyingi huwa pungufu. Lakini hapo unahesabu RNA, na Mama_Jeli anahesabu protini.

Tazama pia muda. E. coli hunukuu besi kama 45 kwa sekunde. Operoni ya besi 9,000 inachukua sekunde 200, yaani dakika tatu na ushee. RNA nyingi za E. coli nusu yake huoza ndani ya dakika chache hivi hivi. Kwa hiyo kichwa cha RNA kinaweza kuanza kuliwa wakati mkia haujazaliwa. Ukikamata bakteria dakika mbili baada ya kuwasha promota, jeni ya mwisho itaonekana haipo kabisa. Watu huandika "si operoni" hapo, kumbe gari halijafika.

#13 Nakala_Safi
Stendi, swali lako ni zuri, usiombe radhi.

Turudi kwenye RNA yenyewe. Wengi huishia kuonyesha PCR inayovuka pengo kati ya jeni mbili, mstari unatokea kwenye jeli, wanatangaza operoni. Mnaiaminije?

#14 Mama_Jeli
Mstari huo unasema kitu kimoja: kuna RNA iliyopita hapo. Hausemi ilianzia wapi. Kwa kisa chako, jozi ya B itatoa mstari kwa bakteria wote, mwenye promota mpya na asiye nayo.

Na kabla ya hapo kuna DNA chafu, adui wa kwanza. Nieleze kwa kirefu maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Ndani ya chumba cha usalama kinachostahili, mililita 10 za bakteria wanaokua kwa kasi zimwagwe kwenye ujazo mara nne wa guanidini thayosaianeti ya 5 M. Mwaga papo hapo. Ukiwazungusha kwanza dakika kumi kwenye sentrifyuji ndipo uwaue, umeshapima bakteria walioshtuka, si waliokuwa wakikua. Zungusha, mwaga maji, weka mililita 1 ya Trizol (kimiminika cha kutoa RNA) na shanga za milimita 0.1, tikisa kwa mashine sekunde 30 hadi 45 mara tatu, kila mara barafu katikati. Ukuta wa bakteria huyu una nta. Bila shanga hutoi kitu. Kloroformu mikrolita 200, zungusha dakika 15 kwa baridi ya nyuzi 4, chukua maji ya juu bila kugusa utando mweupe wa katikati. Huo utando ndiyo DNA. Ukiuvuta kidogo kwa tamaa ya mikrolita 50 zaidi, siku nzima imeenda.

Halafu DNase, kimeng'enya cha kula DNA, nyuzi 37 kwa dakika 30, uirudie mara ya pili. Kabla ya kuiua kwa joto, weka EDTA, inayoshika magnesiamu. Ukichemsha RNA ikiwa na magnesiamu bila EDTA, inakatikakatika, na jozi ya B yenye kuvuka pengo ndiyo ya kwanza kufa kwa sababu inahitaji RNA nzima. Unatangaza "si operoni" kumbe umeipika.

#15 Pipeti_Ngara
Nyongeza kwa Mama_Jeli. Kila sampuli iende mara mbili, moja ikiwa na kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA na moja bila. Ya bila ikitoa mstari, umepima DNA, tupa. Weka pia pengo kati ya jeni mbili zinazoelekeana uso kwa uso. Hapo mstari usitoke.

Na msitumie praima za kushika mkia wa A kama za seli za binadamu. RNA mjumbe za bakteria hazina mkia huo wa kutegemewa. Praima za kubahatisha zinafaa, ila zinanukuu hata RNA iliyoandikwa kwa upande wa pili wa DNA. Kwa swali la operoni, tumia praima maalumu iliyo ndani ya inhA, ielekee nyuma. Na kwa G na C nyingi namna hii, DMSO asilimia 5 kwenye PCR inasaidia sana.

#16 Kimengenya_254
Basi mnisaidie kwenye hoja yangu. A chini na C juu inaweza kuwa promota mpya au RNA iliyokatwa. Nani anazitenganisha?

#17 Hesabu_Kwanza
Mwisho wa mbele wa RNA ndio ushahidi. RNA iliyozaliwa na promota huanza na fosfeti tatu. Iliyokatwa na RNase E huanza na fosfeti moja. Kuna kimeng'enya kinachokula RNA zenye fosfeti moja tu. Gawa sampuli nusu kwa nusu, nusu moja uipitishe humo, kisha tafuta ncha ya mbele kwa kila nusu. Ncha ikibaki karibu na besi 615 hadi 620 ya fabG1 baada ya kula, ni promota. Ikitoweka, Kimengenya ameshinda. Njia hiyo ndiyo iliyotumika mwaka 2010 kuchora mianzo ya RNA zote za Helicobacter pylori, na ikaonekana wazi kwamba operoni zimejaa milango ya ndani.

#18 Kimengenya_254
Hiyo naikubali kama kipimo. Matokeo yake nayangoja. Hata hivyo, promota ikithibitishwa, haiondoi kwamba CTA inaweza kuongeza kitu juu yake.

#19 Daktari_Shifti
Nasoma kimya tangu mwanzo. Kwa wodi, swali ni hili: L203L ikipatikana, nini kinabadilika?

#20 Pipeti_Ngara
Daktari, shikamoo. Mawili. Kwanza ethionamidi. Nayo huziba InhA, ila huamshwa na EthA badala ya KatG. InhA ikizidi, dawa zote mbili zinadhoofika pamoja. Mgonjwa mwenye katG 315 anaweza bado kusaidiwa na ethionamidi. Mwenye -15 au L203L usiitegemee. Pili, usugu wa aina hii kwa kawaida ni wa kiwango cha chini, ndiyo maana watu huzungumzia isoniazidi ya dozi kubwa. Zikikutana -15 na katG 315, hapo hesabu ni nyingine.

Kipimo cha utepe hakifiki kodoni ya 203. Katriji ya Xpert MTB/XDR inaangalia fabG1 kodoni 199 hadi 210, kwa hiyo inaifikia. Ile ya kawaida ya rifampisini haigusi eneo hili. Yenyewe inasoma besi 81 za rpoB.

#21 Daktari_Shifti
Marahaba, nashukuru. Hilo la ethionamidi ndilo nililotaka.

#22 Mwalimu_wa_Bayo
Naomba tupanue kidogo. Kwa nini bakteria wanafunga jeni pamoja hata hivyo? Jacob na Monod, waliopata Nobeli 1961 kwa operoni ya lac, walisema ni kwa ajili ya kuziwasha pamoja. Nadhani hilo linatosha.

#23 Hesabu_Kwanza
Mwalimu, 1960 na 1961 ni miaka ya maandishi yao. Nobeli ni 1965, pamoja na Lwoff.

#24 Mama_Jeli
Na halitoshi, Mwalimu. Jeni zilizo mbali zinaweza kuwashwa pamoja na mdhibiti mmoja. Kipindupindu ndivyo kinavyofanya: ToxT inawasha ctxAB huku na operoni ya tcp, ya nywele za kujishikiza, kule. Kuwashwa pamoja hakudai kukaa pamoja.

Mimi navutiwa na maelezo ya ujenzi. Tazama esxB na esxA za kifua kikuu. Protini zao, CFP-10 na ESAT-6, hushikana moja kwa moja. Zikizaliwa kutoka RNA moja, zinazaliwa bega kwa bega na kukutana kabla hazijapotea. BCG, bakteria wa chanjo, ilipoteza eneo la RD1 lenye jeni hizo mbili, zikaondoka pamoja.

#25 Stendi_ya_Odeon
Kuondoka pamoja si ndiyo sababu nyingine? Walio jirani wanahama pamoja. Kama ctxAB na virusi vyake.

#26 Mama_Jeli
Stendi, umegusa hoja ya Lawrence na Roth ya mwaka 1996, operoni yenye ubinafsi: jeni zinakaa pamoja kwa sababu kundi zima likirukia bakteria mwingine linafanya kazi mara moja, na jeni moja pekee haina faida.

#27 Kimengenya_254
Hoja hiyo ina shimo. Ingekuwa kweli kwa upana, jeni ambazo bakteria hawezi kuishi bila hizo zisingekuwa kwenye operoni, kwa sababu hazina haja ya kuhamia kwa mtu. Lakini nyingi za ribosomu ziko kwenye operoni ndefu, na rpoB na rpoC, zinazotengeneza polimerasi yenyewe, ziko pamoja.

#28 Mwalimu_wa_Bayo
Basi ya ujenzi ya Mama_Jeli inashinda?

#29 Kimengenya_254
Nayo ina lake. fabG1 na inhA hazishikani kama CFP-10 na ESAT-6. Ni hatua mbili za kazi moja ya kurefusha mafuta ya ukuta. Na baada ya inhA, besi chache tu, inafuata jeni Rv1485 ya kutengeneza himu, kiini chenye chuma kama kile cha damu. Himu na mafuta ya ukuta wapi na wapi?

#30 Nakala_Safi
Hapo Kimengenya umenipa kazi. Kama promota mpya iko karibu besi 154 kabla ya inhA na hakuna kikomo baada yake, basi RNA hiyo fupi inaendelea hadi Rv1485. Bakteria mwenye L203L angekuwa na InhA ya ziada na kimeng'enya cha himu cha ziada pia.

#31 Pipeti_Ngara
Ongeza jozi ya D ndani ya Rv1485, na nyingine ya E ivuke kutoka inhA kwenda Rv1485. A palepale, B, C, D na E zikipanda kwa kiwango kimoja, RNA inapita hadi mwisho. C ikipanda na D isipande, kuna kinachoizuia katikati. Usiweke D karibu na mwisho wa jeni. Acha angalau besi 200.

#32 Hesabu_Kwanza
Na KatG ni kimeng'enya chenye himu, tusisahau. Himu ikizidi, KatG inaweza kuamsha isoniazidi zaidi au isibadilike. Ukipima D, pima na utendaji wa KatG siku hiyo hiyo, kutoka mrija ule ule.

#33 Nakala_Safi
Nimeandika zote tano. Mama_Jeli, praima ya kugeuzia RNA sasa niiweke ndani ya inhA au niisogeze hadi Rv1485?

#34 Mama_Jeli
Mbili, mirija tofauti. Ukitumia ya Rv1485 peke yake, RNA yoyote inayokomea baada ya inhA hutaiona kabisa.